Ubia wa Biashara: Kuuanzisha, Kuuendesha na Kodi Zake

Ubia ni uhusiano wa watu wawili au zaidi wanaoendesha biashara kwa pamoja ili wapate faida. Tanzania Bara uhusiano huo unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961, kuanzia kifungu cha 190. Kuuweka ubia ndani ya sheria ya mikataba kunaonyesha asili yake: ubia huzaliwa na makubaliano ya watu, na haujitengi na watu hao. Kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002 humiliki mali, hudaiwa na hulipa kodi kwa jina lake. Nyuma ya jina la ubia wamesimama wabia wenyewe. Madeni ya biashara huwafuata hadi majumbani, na kodi ya mapato huwafuata vivyo hivyo. Anayetaka kuanzisha ubia hana budi kuyapanga mambo hayo mawili kabla ya kufungua mlango wa duka.

Ubia huanza lini

Ubia unaweza kuwapo bila hati na bila usajili. Watu wawili wakichanga fedha, wakanunua mahindi Iringa, wakayauza Dar es Salaam na kugawana kinachobaki, tayari sheria inaweza kuwaona kuwa wabia, hata kama wao wanajiita marafiki tu. Mahakama hutazama mwenendo wa watu, haitazami jina walilolipa jambo lao. Kugawana faida halisi, yaani kinachobaki baada ya gharama, ni dalili kubwa ya ubia.

Dalili hiyo hata hivyo ina mipaka. Ndugu wawili waliorithi nyumba na kuipangisha hawawi wabia kwa sababu tu wanamiliki mali pamoja. Kugawana mauzo ghafi nako hakutoshi peke yake. Mfanyakazi anayelipwa sehemu ya faida kama ujira hageuki mbia kwa malipo hayo, na mkopeshaji anayerejeshewa deni lake kutoka kwenye faida hubaki mkopeshaji. Kwa hiyo anayeweka fedha katika biashara ya mwenzake aandike mapema kama fedha hizo ni mkopo au ni mtaji. Mambo yakienda mrama, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama anadai au anadaiwa.

Dhima ya wabia

Kila mbia ni wakala wa wenzake katika shughuli za kawaida za biashara. Mbia wa duka la vifaa vya ujenzi akiagiza mifuko ya saruji kwa mkopo, deni ni la wote, hata kama wengine hawakuulizwa. Masharti ya ndani yanayomkataza mbia kukopa yanafanya kazi dhidi ya mtu wa nje pale tu mtu huyo alipoyajua. Vilevile, kosa alilofanya mbia akiwa kazini, likamdhuru mteja, huugusa ubia mzima.

Dhima hiyo haina kikomo. Mali ya biashara isipotosha kulipa madeni, wadai wanaweza kufikia mali binafsi za wabia: gari, kiwanja, akiba ya benki. Wala mdai halazimiki kumdai kila mbia kwa kadiri ya mgawo wake. Akimpata mmoja mwenye uwezo, huyo anaweza kulipishwa deni lote, kisha yeye awageukie wenzake wamrudishie sehemu zao. Ndiyo maana mbia tajiri katika kundi la wabia maskini ndiye aliye hatarini zaidi, hata kama mgawo wake wa faida ni mdogo.

Mbia anayeingia baadaye hawajibiki kwa madeni yaliyokuwapo kabla yake, ila akikubali mwenyewe. Anayetoka huendelea kuwajibika kwa madeni ya wakati wake. Tena asipowaarifu wateja na wasambazaji kuwa ametoka, anaweza kudaiwa hata kwa madeni mapya, kwa kuwa wao bado wanamhesabu kuwa mbia.

Mkataba wa ubia

Wabia wasipoandika chochote, sheria huwaandikia. Kanuni zake za msingi ni hizi: wabia wote hugawana mtaji na faida sawasawa, na hasara vilevile, kila mbia ana haki ya kushiriki katika uendeshaji, hakuna mbia anayelipwa mshahara kwa kazi ya ubia, hakuna mbia mpya anayeingia bila ridhaa ya wote, mambo ya kawaida huamuliwa na wengi, lakini kubadili aina ya biashara kunahitaji ridhaa ya kila mbia, na wengi hawana uwezo wa kumfukuza mmoja. Kanuni hizo zinawafaa watu waliochanga sawa na wanaofanya kazi sawa. Kwa aliyetoa shilingi milioni 40 huku mwenzake akitoa milioni 5, mgawanyo wa nusu kwa nusu ni mshtuko ambao wengi huugundua siku ya ugomvi.

Mkataba mzuri hubadilisha kanuni hizo pale zisipofaa, na hujibu maswali yafuatayo:

Mtaji. Kila mbia ametoa nini na kina thamani gani? Kilichotolewa kwa mali, kama lori, mashine au fremu ya duka, kitajwe thamani yake siku ya kuingia, na ielezwe kama kimekuwa mali ya ubia au kimeazimwa tu. Mali iliyonunuliwa kwa fedha za biashara huhesabiwa kuwa ya biashara hata ikiandikwa jina la mbia mmoja, lakini kulithibitisha hilo bila maandishi ni kazi ngumu.

Faida na hasara. Mgawo uandikwe kwa asilimia. Kama hasara itagawanywa kwa kipimo tofauti na faida, lisemwe wazi.

Malipo ya mbia anayefanya kazi. Anayeshinda dukani mwaka mzima na anayekuja kukagua hesabu tu hawawezi kuridhika na mgawo uleule. Malipo ya kazi yatajwe kiasi chake, na yatolewe kabla ya kugawa kinachobaki.

Uchukuaji wa fedha. Mbia anaruhusiwa kuchukua kiasi gani kwa mwezi, na nani atatia saini za benki? Kipengele hiki ndicho kinachogusana na kodi, kama itakavyoonekana mbele.

Maamuzi. Ni mambo gani yanahitaji saini za wote: mikopo, dhamana, kuuza mali, kuajiri ndugu?

Kutoka na kifo. Sheria inasema ubia huvunjika mbia anapofariki au anapofilisika, isipokuwa wabia wamekubaliana vingine. Bila kipengele cha kuuendeleza, waliobaki wanaweza kujikuta wanafunga hesabu na msimamizi wa mirathi katikati ya msimu wa mauzo. Mkataba useme jinsi sehemu ya marehemu itakavyothaminiwa na italipwa kwa awamu ngapi.

Migogoro. Itajwe hatua ya kwanza, kama usuluhishi wa mtu anayeaminiwa na pande zote, kabla ya mahakama.

Pamoja na hayo, sheria inawawekea wabia wajibu wa uaminifu. Kila mbia anapaswa kutoa hesabu za kweli, kuwasilisha kwa wenzake faida yoyote ya siri aliyoipata kwa kutumia jina au mali ya ubia, na kutoendesha biashara shindani bila ridhaa yao. Hati ya ubia ni miongoni mwa nyaraka zinazolipiwa ushuru wa stempu. Isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ushuru wake ulipwe, kwa hiyo ni busara kumaliza jambo hilo mapema.

Usajili

Jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213. Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao, na wabia hutambulishwa kwa namba zao za Kitambulisho cha Taifa. Hutajwa jina linaloombwa, aina ya biashara, mahali inapofanyika na taarifa za kila mbia. Cheti kinachotolewa kinathibitisha kuwa jina limeandikishwa. Hakiubadilishi ubia kuwa kampuni wala hakipunguzi dhima ya mtu. Mbia akiingia, akitoka au ofisi ikihama, taarifa za BRELA nazo zibadilishwe.

Baada ya hapo ubia huomba namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Namba hii haina malipo. Ubia huwa na TIN yake, na kila mbia huwa na ya kwake, kwa sababu kodi ya mapato italipwa kwa namba za wabia. Hati ya ubia huambatishwa. Hatua inayofuata ni leseni ya biashara, ambayo kutegemea aina ya shughuli hutolewa na BRELA au na halmashauri ya wilaya, mji, manispaa au jiji. Biashara zenye wasimamizi wake maalumu, kama famasi, zahanati au ofisi ya uwakili, huhitaji pia vibali vya mamlaka zao. Akaunti ya benki ifunguliwe kwa jina la ubia. Fedha za biashara zikipita katika simu au akaunti ya mbia mmoja, hesabu za kodi na za wabia wenyewe huharibika pamoja.

Kodi ya mapato

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Sura ya 332, inasema ubia wenyewe haulipi kodi kwa mapato yake. Mapato hukokotolewa katika ngazi ya ubia: mauzo, kutoa gharama zinazokubalika, kutoa uchakavu wa mali. Kiasi kinachopatikana hugawiwa kwa wabia kwa kadiri ya migawo yao, na kila mbia hukijumlisha na mapato yake mengine na kulipa kodi kwa viwango vyake binafsi. Mbia ambaye ni kampuni hulipa kwa kiwango cha kampuni, asilimia 30.

Viwango vya mtu mkaazi kwa mwaka, kama vilivyokuwa vikitumika mwaka wa fedha 2024/25, vilikuwa hivi: shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi; zinazofuata hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8; hadi 9,120,000 asilimia 20; hadi 12,000,000 asilimia 25; na zaidi ya hapo asilimia 30. Kodi ya milioni 12 za kwanza kwa hiyo ni shilingi 1,536,000.

Mfano utaonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Wabia watatu wenye migawo sawa wana duka la vifaa vya ujenzi lililopata shilingi milioni 60 kwa mwaka baada ya gharama, na hakuna mbia mwenye mapato mengine. Kila mmoja anahesabiwa milioni 20. Kodi yake ni 1,536,000 kwa milioni 12 za kwanza, na asilimia 30 ya milioni 8 zilizobaki, yaani 2,400,000: jumla 3,936,000. Wote watatu wanalipa 11,808,000.

Sasa mkataba uwe unampa mbia mmoja milioni 12 kwa kusimamia duka, kabla ya kugawa kinachobaki. Malipo hayo yeye mwenyewe anaweza kuyaita mshahara, lakini malipo ya mbia kwa kazi ya ubia, sawa na riba ya mkopo aliokopesha ubia wake, hayakatwi kama gharama ya kupunguza mapato ya ubia. Milioni 60 zinabaki 60. Kinachobadilika ni mgawo: msimamizi anapata milioni 12 na theluthi ya 48, jumla milioni 28, wenzake milioni 16 kila mmoja. Kodi ya msimamizi inakuwa 6,336,000, na ya wenzake 2,736,000 kila mmoja. Jumla ni ileile 11,808,000. Mkataba umehamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine bila kuupunguza.

Biashara hiyohiyo ingekuwa kampuni, ingelipa asilimia 30 ya milioni 60, yaani milioni 18. Milioni 42 zinazobaki zikigawiwa zote kama gawio, kodi ya zuio ya asilimia 10 ingechukua 4,200,000 nyingine, na jumla ingefika 22,200,000. Kampuni inaweza kupunguza tofauti hiyo kwa kuwalipa wakurugenzi mishahara au kubakiza faida ndani, lakini msingi unabaki kuwa faida ya ubia hutozwa mara moja, na ya kampuni ikigawiwa hutozwa mara mbili. Nafuu hiyo ya kodi ndiyo malipo ya hatari ya dhima isiyo na kikomo.

Jambo linalowakwaza wabia wengi ni kwamba mbia hutozwa kodi kwa mgawo wake wa faida, hata kama hajauchukua. Wabia wakiamua kuacha milioni 60 zote dukani ili waongeze mzigo, kila mmoja bado anadaiwa 3,936,000, na atazitoa mfukoni. Kwa sababu hiyo mkataba uruhusu kila mbia kuchukua angalau kiasi cha kulipia kodi yake katika kila awamu. Kinyume chake, faida iliyokwisha kutozwa haitozwi tena siku mbia anapoichukua, mradi hesabu za mtaji wa kila mbia zimetunzwa vizuri.

Hasara nayo hupita kwa wabia kwa kadiri ya migawo yao. Mbia anaweza kuitoa katika mapato ya biashara yake nyingine, lakini hasara ya kilimo hutolewa katika mapato ya kilimo peke yake.

Makadirio, ritani na kodi nyingine

Kila mbia huwasilisha TRA makadirio ya mapato yake ya mwaka na kulipa kodi kwa awamu nne. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, awamu hizo huishia tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ritani ya mwisho hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kwisha. Ubia nao huwasilisha ritani yake, ingawa haulipi, ili TRA ione mapato yote na jinsi yalivyogawanywa. Migawo iliyo katika ritani ya ubia isipolingana na iliyo katika ritani za wabia, maswali ya ukaguzi huanzia hapo. Kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano isiyopungua.

Kutolipa kodi ya mapato hakuuondolei ubia wajibu mwingine. Mauzo yakifikia shilingi milioni 200 ndani ya miezi 12, kiwango kilichowekwa mwaka 2023, ubia hujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Watoa huduma za kitaalamu, kama mawakili na wahasibu, hujisajili bila kujali ukubwa wa mauzo. Ritani yake hutolewa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Ubia wenye wafanyakazi hukata kodi ya mishahara yao na kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ukilipa pango hukata kodi ya zuio ya asilimia 10, na ukilipa ada ya huduma kwa mkaazi hukata asilimia 5. Risiti za kielektroniki hutolewa kwa kila mauzo. Kodi hizi hudaiwa ubia kwa TIN yake, lakini zisipolipwa, wabia ndio wanaowajibika.

Ubia wenye kikomo

Ubia ulioelezwa hadi hapa ni ubia wa kawaida, ambamo dhima ya kila mbia haina mwisho. Nchi nyingine zina pia ubia wenye kikomo. Mfano wa karibu ni Kenya, ambako Sheria ya Ubia ya 2012 inatambua aina zote mbili. Katika ubia wenye kikomo lazima awepo angalau mbia mkuu mmoja, anayeendesha biashara na kuwajibika kwa madeni yote, pamoja na mbia mmoja au zaidi mwenye kikomo, ambaye hatari yake haivuki kiasi alichochangia.

Kinga hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni usajili: ubia wa kawaida unaweza kuzaliwa kwa mwenendo wa watu, lakini ubia wenye kikomo hauwi hivyo hadi umesajiliwa. La pili ni kukaa kando: mbia mwenye kikomo anaweza kukagua vitabu na kuuliza hali ya biashara, lakini akianza kuiendesha hupoteza kinga na kuwajibika kama mbia mkuu. Muundo huu unamfaa mwenye fedha asiye na muda, anayemwamini mwenye ujuzi asiye na fedha.

Kikomo hukata dhima peke yake. Kodi hubaki palepale. Nchini Kenya pia mapato ya ubia hutozwa mikononi mwa wabia, na malipo ya mbia kwa kazi pamoja na riba ya mtaji wake huongezwa kwenye mgawo wake. Tangu Julai 2023 viwango vya mtu binafsi vimeanzia asilimia 10 hadi 35, na ritani hutakiwa ifikapo 30 Juni. Kenya ina pia Sheria ya 2011 ya ubia wenye dhima ndogo, ambayo inaunda chombo chenye utu wake kisheria, tofauti na aina mbili zilizotajwa.

Tanzania Bara Sheria ya Mikataba haikuweka mbia wa aina hiyo. Mwekezaji anayetaka kikomo ana njia mbili za kawaida: kuunda kampuni yenye dhima ya hisa na kukubali kodi yake, au kubaki mkopeshaji mwenye mkataba wa mkopo ulioandikwa, bila kushika usukani wa biashara.

Kubadilika na kuvunjika kwa ubia

Ubia wa muda maalumu huisha muda wake ukiisha. Wa kazi moja, kama ujenzi wa jengo, huisha kazi ikikamilika. Usio na muda unaweza kuvunjwa kwa taarifa ya mbia mmoja. Mahakama nayo inaweza kuuvunja, kwa mfano pale mbia anapokosa uwezo wa kudumu wa kutimiza sehemu yake, anapovunja mkataba mara kwa mara, au biashara inapoendeshwa kwa hasara tu.

Hesabu za mwisho hufuata mpangilio. Kwanza hulipwa wadai wa nje, TRA wakiwemo, kisha mikopo ya wabia kwa ubia, kisha mitaji, kinachobaki hugawiwa kwa migawo ya faida. Pengo likiwapo, hufidiwa kwa faida, kisha kwa mtaji, kisha kwa wabia wenyewe. Anayeuza sehemu yake atazame pia faida ya mauzo hayo, kwa kuwa nayo hutozwa kodi. Wateja, wasambazaji na benki waarifiwe kwa maandishi, jina lifutwe BRELA, leseni irudishwe, na TRA iarifiwe ili TIN ya ubia ifungwe baada ya ritani ya mwisho kupokelewa.